Msimu wa Kunde Katikati ya Mahindi

Jumatatu, 3 Machi

Leo kwenye mkutano wa Chama cha wakulima nimeambiwa nikae chini. Sikukaa.

Nilikuwa nimesimama kuuliza swali moja tu: kwa nini bonde zima lipande mahindi mwaka wa kumi na moja mfululizo, wakati kila mwaka magunia yanapungua na yale maua ya zambarau yanaongezeka? Maua hayo ni kiduha. Ukiyaona kwa mbali utadhani mtu amepanda bustani ya kupendeza wageni. Kumbe chini ya ardhi mizizi yake imeng'ang'ania mizizi ya mahindi inanyonya, na mahindi yamesimama hapo kama mgonjwa anayeona aibu kulala.

Mwenyekiti alinijibu kwa upole, maana yeye si mtu wa kupandisha sauti. Alisema kiwanda cha unga kinaleta lori hapa kwa sababu bonde lote ni mahindi, na kila mtu akianza kupanda anachokitaka, lori halitakuja na wote tutabaki tumekumbatia mazao yetu mlangoni. Kisha akamalizia, "Kidole kimoja hakivunji chawa, mama."

Watu wakapiga makofi. Nikasema ni kweli hakivunji, lakini kinaweza kuonyesha alipo. Hapo ndipo nikaambiwa nikae chini.

Nilikuwa mpishi wa shule miaka kumi na tisa, na kila jioni niliandika kilichopikwa na kilichobaki, kwa hiyo mkono wangu umezoea daftari. Msimu huu nitaandika shamba.

Alhamisi, 6 Machi

Shamba ni eka tatu. Linateremka kutoka barabarani hadi mferejini. Kwenye karatasi ni la mama mkwe wangu, ambaye naishi naye. Aliyelilima ni marehemu mume wangu, na tangu afariki, miaka sita sasa, nalilima mimi. Ng'ambo ya mpaka kuna eka tatu nyingine za shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Kinachotutenganisha ni mstari wa mawe tu, na siku hizi naona hata mawe hayo hayatoshi.

Mwaka juzi kiduha kiliimaliza eka yangu ya chini, ile ya mferejini. Mwaka jana nikasema potelea mbali, nikapanda kunde huko. Chama hakikujua kwa sababu kutoka barabarani huko chini hakuonekani.

Mwaka huu nitarudisha mahindi eka ya chini, nione kunde zimeniachia nini. Eka ya kati itabaki mahindi kama kawaida. Na kunde nitazipanda eka ya juu, kando ya barabara kabisa, mbele ya macho ya kila apitaye. Mwaka jana nilijificha. Mwaka huu nataka waone.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Imeanza saa tisa mchana na inaendelea.

Jumatano, 19 Machi

Mwanangu wa kwanza ndiye dereva wa trekta ya Chama. Amekuja kulima eka zangu zote tatu, akanyoosha mistari mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Nilijisikia vizuri kama mtu aliyepikiwa. Aliponiuliza juu tunapanda nini, nikamwambia. Alifuta mikono kwa tambara, akasema, "Mama, wewe unapenda makuu." Mkewe ana mimba ya miezi sita. Naelewa anachoogopa, lakini mimi sikumzaa ili aniogopee.

Ijumaa, 21 Machi

Tumemaliza kupanda. Mbegu ya mahindi ni moja, mbolea ni moja, siku ni moja, eka ya kati na eka ya chini. Nimefanya hivyo makusudi, ili kesho na keshokutwa mtu asije kuniambia habari za bahati.

Jumanne, 1 Aprili

Zimeota zote. Kunde zina haraka kuliko mahindi.

Ijumaa, 4 Aprili

Shemeji amepita asubuhi, akasimama kwenye mawe na mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Hakuuliza hali ya mama yake. Alisema watu wananicheka. Nikamwambia kucheka ni afya. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamuuliza dawa ya nani, maana hiyo ya kwake ameinywa miaka kumi na moja na bado shamba lake linakohoa. Akaondoka bila kuaga.

Mama mkwe alikuwa ameketi barazani na alisikia kila neno. Hakusema kitu. Huyu mama ana miaka themanini na mbili na kunyamaza kwake kunanichosha kuliko kulima. Najua shemeji ndiye mwanawe pekee aliyebaki hai. Mimi ni nani? Ni mke wa yule aliyekufa.

Alhamisi, 10 Aprili

Bwana shamba alikuja kukagua, mtu mwembamba mwenye buti safi kupita kiasi. Aliangalia kushoto na kulia kama anayetaka kuvuka barabara, kisha akachuchumaa kwenye kunde zangu. Aling'oa mche mmoja akanionyesha vinundu vidogo kwenye mizizi. Humo, alisema, kunde inatengeneza mbolea yake yenyewe na nyingine inaiachia ardhi.

Halafu akanieleza habari za kiduha, na hii lazima niiandike vizuri. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na zinaweza kulala ardhini miaka mingi, zikisubiri. Mzizi wa mahindi ukipita karibu, zinaamka na kuushika. Mzizi wa kunde nao unaziamsha, lakini kiduha hakiwezi kuunyonya. Kwa hiyo mbegu zinaamka, zinakuta meza tupu, zinakufa. Kila msimu wa kunde ni mbegu pungufu ardhini. Kila msimu wa mahindi ni karamu.

Nikamwambia aje kwenye mkutano aseme hayo. Akasimama, akapangusa magoti. Alisema yeye ameletwa hapa kusaidia mpango wa Chama, na akaniomba nisimtaje.

Mwoga. Anajua ugonjwa, anajua dawa, na anaogopa kufungua kinywa.

Jumatatu, 14 Aprili

Barua ya Chama: niondoe kunde ndani ya siku kumi, la sivyo zitaondolewa. Nimeirudisha kwa aliyeileta, baada ya kuandika nyuma yake, "Nimesoma. Siondoi."

Jumamosi, 19 Aprili

Mvua nzuri. Kunde zimefunika udongo wote, hata magugu yamekosa pa kuweka mguu. Maua ya kwanza.

Alhamisi, 24 Aprili

Nilikuwa naanika nguo niliposikia trekta. Mlio wa trekta ile naujua kama kikohozi cha mtu wa nyumbani. Nilidhani inapita. Ilipopunguza mwendo, niliacha shuka nusu kwenye kamba nusu chini, nikaokota gongo lililoegemea ukuta, nikaenda.

Mwenyekiti alikuwa amesimama kando ya barabara na wajumbe wawili. Juu ya kiti cha trekta alikuwa mwanangu. Macho yake yalikuwa kwenye usukani, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

Nilipita mbele ya Mwenyekiti bila kumsalimia, nikaenda hadi kwenye gurudumu.

"Mama, nimeagizwa."

"Na nani?"

"Unajua na nani."

"Nataka uniambie huku unaniangalia."

Hakuniangalia. Alisema, kwa sauti ndogo ili wale wengine wasisikie, "Mke wangu ana miezi saba. Nikishuka hapa, kesho atakaa mwingine kwenye kiti hiki, na kunde zitalimwa vilevile."

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Kama angekuwa amesema uongo ningempiga kwa gongo nililokuwa nalo. Nilisimama hapo, naona maua meupe, naona siku thelathini na nne za kazi yangu, na nyuma yangu nasikia mjumbe mmoja akikohoa kikohozi cha kuharakisha watu. Nilijua wanasubiri nini. Walitaka nilie, au nilale mbele ya gurudumu, ili jioni wapate cha kusimulia.

Nikamwambia, "Basi lima. Lakini lima vizuri. Usiniachie mabaka. Kama ni kuniharibia, niharibie kwa mstari ulionyooka, nisije nikaambiwa sikukufundisha kazi."

Nikaenda kuketi kwenye mawe ya mpaka, nikatazama mwanzo hadi mwisho. Alilima. Mistari ilinyooka. Alipofika nusu, Mwenyekiti alisema ana shughuli akaondoka, na wajumbe wakamfuata. Nadhani hawakupenda kutazamwa na mwanamke aliyekaa. Mwanangu alimaliza peke yake, akageuza trekta, akapita karibu nami bila kusimama. Uso wake ulikuwa umelowa na hakukuwa na mvua.

Walipoondoka wote nilishuka kwenye matuta. Nilichota udongo. Majani mabichi, mashina, mizizi yenye vile vinundu, vyote vilikuwa vimezikwa humo, vimefunikwa vizuri. Nikakumbuka jikoni kwetu shuleni: maganda yote tulikuwa tunafukia nyuma ya ukuta, na hapo ndipo mchicha ulipokuwa unaota bila kuombwa. Nikaanza kucheka peke yangu. Walikuja kuniadhibu, wakanilishia shamba chakula kibichi eka nzima, tena kwa dizeli yao.

Nilicheka, halafu sikucheka tena. Kwa sababu mkono uliofanya hivyo ni wa mwanangu.

Nilimweleza mama mkwe. Aligeuza uso akatazama ukuta.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimebakiwa na mbegu za kunde debe moja na nusu. Zinatosha.

Jumanne, 29 Aprili

Mkwe wangu, mke wa dereva, alikuja na tumbo lake mbele. Alisema mumewe hali vizuri. Nilimwambia chakula kipo sokoni. Najua nilikuwa mkali. Alikaa, akanisaidia kuchambua mbegu saa nzima bila kujibu, na alipoondoka nilijiona mdogo.

Jumapili, 4 Mei

Saa moja asubuhi nilikwenda eka ya juu na mbegu zangu. Nikamkuta mwanangu tayari yuko huko. Hakuja na trekta. Alikuwa na jembe la mkono, jembe la baba yake, amevua viatu, ameshachimba mistari sita.

Hakuomba msamaha nami sikumwomba auombe. Yeye alichimba, mimi nikadondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Tulifanya mistari thelathini na miwili. Watu walipita wakielekea kwenye shughuli zao za Jumapili, kila mmoja akapunguza mwendo. Dereva wa Chama anapanda kilekile alichokilima. Sijui walikwenda kusema nini, na sitaki kujua.

Tulipokuwa tunakunywa maji aliniambia, "Wakiniagiza tena, nitawakabidhi ufunguo."

Nikamwambia, "Kwanza mtoto azaliwe."

Alicheka kidogo. Nilikuwa nimesahau kwamba akicheka anafanana na marehemu.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua ndogo. Ya kutosha kuotesha.

Jumatatu, 19 Mei

Siku ya kumi na moja bila mvua. Jua linawaka kama lina kisasi.

Ijumaa, 23 Mei

Hakuna mvua. Kunde za juu ni fupi lakini zimeshika. Chama hakijaleta barua nyingine. Nimesikia kiwanda, ambacho ndicho kinachowapa dizeli ya trekta, kimekataa kuwaongezea.

Jumanne, 27 Mei

Kiduha kimetoka.

Nimezunguka tangu asubuhi. Kwa shemeji kimetapakaa kutoka mawe ya mpaka hadi mwisho, zambarau tupu, na mahindi yake yamefika kiunoni yakakataa kuendelea. Majani yamekuwa ya manjano. Eka yangu ya kati, vilevile. Sitajisifu kwa lisilokuwepo: eka ya kati inaumwa kama ya jirani.

Kisha nikateremka hadi chini. Hapo mahindi yamenipita kichwa. Majani ni ya kijani kile cha kukaribia weusi. Nilihesabu kiduha mstari kwa mstari. Katika eka nzima nilipata mashina arobaini na moja, nikayang'oa yote kwa mkono kabla hayajatoa mbegu, nikayachoma. Udongo wake pia ni tofauti. Wa kati ni mgumu kama sakafu. Wa chini, ukiingiza kidole, kinaingia na kinakuta unyevu, baada ya siku kumi na tisa za jua.

Kati ya eka hizo mbili kuna njia ya upana wa hatua moja. Nilisimama kwenye njia hiyo muda mrefu, kulia kwangu uzima, kushoto kwangu ugonjwa, mikono yangu ileile, mbegu ileile. Niliona hasira kuliko furaha. Miaka kumi na moja.

Jumatatu, 2 Juni

Habari zimefika. Mwenyekiti amekuja na shemeji kuangalia eka ya chini. Shemeji alisema nimeiba mbolea ya Chama nikaimwaga huku. Alisema hivyo mbele yangu, huku amesimama kwenye kivuli cha mahindi yangu.

Nikawapeleka hatua moja hadi eka ya kati. Nikasema, kama ni mbolea, mbona hii hapa inakufa? Au mbolea niliyoiba nayo inachagua pa kufanya kazi?

Shemeji akasema wanawake wana maneno. Mwenyekiti aliinama, akachukua udongo wa eka ya chini, akaufinyanga ukashikana. Akachukua wa kati ukamwagika kama unga. Alifanya hivyo mara mbili. Kisha akajipangusa mikono haraka kama mtu aliyekutwa jikoni anaonja.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata mjukuu. Msichana. Analia kama mtu aliyeambiwa akae chini mkutanoni.

Jumapili, 22 Juni

Shemeji amekuja nyumbani na karatasi. Alikaa karibu na mama yake, akamshika mkono, akazungumza kwa utamu ambao sijausikia kwake tangu msiba. Anataka shamba liandikwe jina lake. Alisema Chama kina kanuni: shamba lisilopandwa mahindi yote msimu mzima linaweza kupewa mtu mwingine, na ni heri likaenda kwa damu kuliko kwa mgeni. Alisema mimi nitaruhusiwa kubaki ndani ya nyumba. Kuruhusiwa. Nyumba ambayo matofali yake niliyabeba mimi.

Nilikuwa mlangoni na sufuria mkononi. Sikuingilia. Kama mama huyu ataweka dole gumba lake kwenye karatasi ile, basi nijue moja.

Mama mkwe aliichukua karatasi, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya mto. "Nitakwenda kuona kwanza," alisema.

Hajafika shambani miaka mitatu. Miguu haimbebi.

Jumamosi, 5 Julai

Mwanangu alimweka bibi yake kwenye toroli, juu ya mto na blanketi, akamsukuma hadi shambani. Mama mkwe aliketi wima kabisa humo na mkongojo wake mapajani, akijibu salamu za watu kama anapita ndani ya gari la heshima. Shemeji alifuata nyuma. Mimi nilitembea kando.

Alianza kwa shemeji. Akaamuru ashushwe, akakaa chini kabisa kwenye udongo. Alichimba kwa vidole, akanusa, akaachia ukapeperuka. Akang'oa muhindi mmoja, mzizi wake ukatoka na kiduha kimejisokota humo. Akaomba apelekwe eka yangu ya kati. Hapo pia alikaa, akachimba, akanusa. Kisha juu, kwenye kunde zilizopandwa na mwanangu, ambazo sasa zina maganda yanayokauka vizuri. Kisha chini.

Eka ya chini alikaa muda mrefu. Alivunja hindi moja, akalimenya, akapitisha kidole gumba juu ya punje hadi kwenye ncha. Zilijaa hadi kwenye ncha.

Shemeji akasema, "Mama, jua kali. Twende ukaweke sahihi."

Akamjibu, "Ardhi yako umeilisha chakula kimoja miaka kumi na moja, mwanangu. Hata mfungwa hubadilishiwa mboga."

Mwanangu alijikohoza ili asicheke. Shemeji akaanza kusema kanuni ya Chama, na mama yake akamnyamazisha kwa kiganja. Akasema karatasi ya shamba inabaki kwake, na anayelilima ni mimi, leo na atakapokuwa hayupo. Akaitoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne, maana kumbe alikuja nayo, akampa mkononi.

Tukiwa njiani kurudi ndipo aliponiambia jambo ambalo sikulijua. Kabla ya Chama, yeye na mumewe walikuwa wakizungusha mazao: mahindi, kunde, viazi, halafu mwaka mmoja shamba linapumzika na mbuzi wanachungwa humo. Chama kilipokuja na ahadi ya lori, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza bondeni kuweka dole gumba. Akawashawishi wenzake.

"Kila ulipobishana nao nilikuwa najisikia mimi ndiye unayenisema," aliniambia. "Ndiyo maana nilinyamaza."

Tangu mwezi wa nne nimechukulia humu kwamba kunyamaza kwake ni kunikataa. Sikumfikiria hata siku moja kuwa ana aibu.

Jumanne, 8 Julai

Nimevuna kunde za juu. Magunia matatu na debe moja, kutoka kwa zao lililopandwa mara mbili.

Jumatano, 30 Julai

Mahindi yamekwisha kupukuchuliwa. Naandika kama yalivyo.

Eka ya kati, mahindi juu ya mahindi: magunia manne.
Eka ya chini, mahindi baada ya kunde: magunia kumi na matano.
Shemeji, eka zote tatu pamoja: magunia tisa.

Bwana shamba alikuja tukiwa tunashona midomo ya magunia. Hakuulizwa, alihesabu mwenyewe na kuandika kwenye daftari lake. Alisema ataipeleka hesabu hiyo ofisini kwao bila kutaja jina langu. Nikamwambia alitaje. Akaniangalia, akaliandika. Nilimwita mwoga mwezi wa nne. Labda ni mtu aliyekuwa anahitaji magunia ya kuegemea.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkutano wa Chama.

Lori la kiwanda lilikuja juzi likaondoka halijajaa nusu, kwa hiyo ukumbi ulikuwa na joto kabla hata ya kufunguliwa. Mwenyekiti alisoma ajenda: mwanachama aliyekiuka mpango. Akanitaka niahidi kwamba msimu ujao eka zote tatu zitakuwa mahindi.

Nikasimama. Nilisema siahidi. Nilisema msimu ujao eka ya juu ni mahindi, ya kati ni kunde, ya chini ni viazi, na mwaka unaofuata zitahama tena, na nitaendelea kuzihamisha mpaka nife, na nikifa nimeshamwonyesha mwanangu. Nilitaja magunia yangu kwa idadi. Niliwaambia waje walione shamba, mabua bado yamesimama, kaburi la kiduha bado lina majivu.

Mzee mmoja akasema lori linataka mahindi. Nikamwambia lori limeondoka nusu tupu, na ni mahindi matupu ndiyo yaliyolifanya hivyo. Eka moja iliyopumzishwa imejaza magunia kumi na matano. Kila mmoja akiwa na eka kama hiyo, lori litahitaji trela. Nikaona watu wakitazama viatu vyao.

Wakapiga kura ya kunifukuza. Waliotaka niondoke, ishirini na watatu. Waliokataa, kumi na wanne. Mwezi wa tatu ningepata mkono mmoja, huu wangu. Mwanangu si mwanachama, hana kura, lakini alisimama mlangoni akaukabidhi ufunguo wa trekta kwa mjumbe aliye karibu, akatoka. Shemeji hakuinua mkono upande wowote. Alikuwa ameinama kama anayetafuta kitu sakafuni.

Nje, Mwenyekiti alinifuata. Alikuwa peke yake. Nilijiandaa kwa maneno makali na yeye akaniuliza kitu kingine. "Mama, ukishinda wewe, mimi nitawaambia nini watu niliowaongoza miaka kumi na moja?"

Msimu mzima nilimwona kama mtu mwenye ubaya. Leo nimeona mtu aliyeshika udongo mara mbili, akajua, akaogopa. Sikumwonea huruma sana. Uoga wake ulilima kunde zangu.

"Waambie ulichokiona kwa macho yako," nilimwambia, nikaenda zangu.

Jumatatu, 18 Agosti

Barua imefika. Mimi si mwanachama tena: hakuna trekta, hakuna mbolea ya Chama, hakuna nafasi kwenye lori. Nimeisoma mara mbili kuanzia juu hadi kwenye muhuri. Ile kanuni ya shemeji ya kunyang'anya shamba haimo, wala hakuna mahali inaposema nisilime.

Jumapili, 24 Agosti

Watu watano wamekuja kuuliza mbegu za kunde, wawili kati yao waliinua mikono nifukuzwe. Mmoja aliingia kwa mlango wa nyuma. Nimemwambia arudi azunguke aingie kwa mlango wa mbele, mchana huu, watu wakimwona, ndipo nimpe. Alizunguka.

Jioni akaja shemeji. Alisimama kwenye mawe, mikono safari hii imening'inia. Akauliza kati ya mstari na mstari wa kunde naacha nafasi gani. Niliifikiria ile karatasi yake, na neno lake la kuruhusiwa. Kisha nikamwambia urefu wa mguu wangu na nusu yake, na kwamba eka moja tu aanze nayo, asiwe na pupa. Akasema ahsante, shemeji. Sikumkaribisha ndani. Hiyo itakuja yenyewe, au haitakuja.

Jumapili, 31 Agosti

Jembe la mkono ni la polepole kuliko trekta, kwa hiyo tumeanza kulima mapema, kabla ya mvua. Mwanangu mstari wa kwanza, mimi wa pili, mkwe wangu amemlaza mtoto kivulini na kuchukua wa tatu. Barabarani Mwenyekiti amepita kwa baiskeli. Amesimama, akatusalimu, akauliza tunalima nini mapema hivyo.

Nimemwambia eka ya kati. Tunapanda kunde.